Baba mpya naye huugua huzuni

Msomaji, mtoto anapozaliwa sote humwuliza mama hali yake. Baba huulizwa jina la mtoto, kisha huulizwa soda.

Lakini baba naye huweza kuugua. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kuwa takriban baba mmoja kati ya kumi hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuanzia wakati wa mimba hadi mtoto atimizapo mwaka mmoja. Miezi mibaya zaidi ni ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua. Kufikia hapo majirani wameacha kuja kumwona mtoto, akiba imekwisha, na usingizi umepotea.

Kwa wanaume ugonjwa huu hujificha. Mwanamume wa Nyansiongo haji kwa daktari kusema ana huzuni. Husema mgongo unamwuma kwa kubeba majani chai, tumbo linamchoma, kichwa hakitulii. Hupimwa malaria na vidonda vya tumbo, na hakuna kinachoonekana. Mkewe ndiye mwenye habari kamili: mume hukasirika kwa jambo dogo, hurudi usiku akinuka busaa, na mtoto hamshiki. Majirani hukata kauli kwamba amekuwa mlevi, kumbe pombe ndiyo dawa aliyojiandikia mwenyewe.

Kwa nini hasemi? Kijana wa Kikisii hufunzwa tangu jandoni kwamba mwanamume halii. Tena kuna chinsoni, zile kanuni za heshima na haya kati ya mzazi na mwana. Mwana hazungumzi na babake mambo ya chumbani, wala baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kanuni hizi zilifaa kwenye boma lenye nyumba kadhaa. Leo kijana amekodi chumba kimoja sokoni. Mama mkwe akija kumsaidia mzazi, yeye ndiye hutoka kwenda kulala kwa rafiki. Mtoto ni wake, kodi analipa yeye, lakini kwa majuma kadhaa hana pa kukaa.

Hata hivyo chinsoni haikumfunga mtu mdomo pande zote. Kwa babu, sokoro, mjukuu aliruhusiwa kutania na kuuliza hata mambo ya unyumba. Mimi huwaambia wagonjwa kuwa mnasihi ni kama huyo babu: mtu usiyemwonea haya, na asiyetoa siri.

Kwa mnasihi hakuna kuhubiriwa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalifanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Wanaume walikuwa na vikundi vyao, na wanawake vyao. Walikutana dakika 90 kila juma, kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya majuma mawili tu. Tiba yenyewe ilikuwa mazungumzo. Kila mmoja alisaidiwa kutafuta kilichoanzisha huzuni yake: kifo, ugomvi, au badiliko kubwa la maisha. Kisha wenzake walimsaidia kufikiria hatua ya kuchukua juma hilo. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa chini ya 7 kwa kila 100. Vijiji visivyo na vikundi walikuwa zaidi ya 50. Nami nasema kupata mtoto wa kwanza ni badiliko kubwa la maisha kama lolote lile.

Mama, usimwulize mumeo ana nini mbele ya mamako. Mpe mtoto amwogeshe, hata kama wageni watacheka. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya majuma mawili kwa mshahara kamili, na wengi hawaidai. (Kibarua anayelipwa kwa kilo za chai haimfai kitu, na hilo ni jambo la kusikitisha.)

Akianza kusema afadhali afe, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, ondoeni nyumbani dawa za kunyunyizia mimea, na mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo. Msizuiwe na hofu ya polisi. Zamani aliyejaribu kujiua aliweza kufungwa hadi miaka miwili chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Nawe baba, ikiwa hali hii imepita majuma mawili, nenda kwenye hospitali iliyo karibu. Ukifika, usianze na mgongo. Sema hivi: "Daktari, tangu mtoto azaliwe silali, na hata yeye akilala, mimi silali."