MASHINE YA KUKATA MAJANI HAIPENDI MTEREMKO

Na msaidizi wa mganga, dispanseri ya kambi

Somo letu la leo ni juu ya kazi ambayo watu wengi huiona ndogo: kukata majani. Hasa nataka kusema juu ya ile mashine ya magurudumu manne ambayo mtu huikalia na kuiendesha kama trakta ndogo, visu vikizunguka chini ya tumbo la mashine.

Huku kwetu Fizi mashine za namna hii si nyingi. Hukaa mahali penye uwanja mpana: kambi ya kazi, misioni, kiwanja kidogo cha ndege. Lakini nchi yetu si uwanja. Milima ya Mitumba inashuka mpaka karibu na ziwa, na ukitoka Baraka kwenda Fizi unapanda tu. Nyumba za kambi hujengwa ubavuni mwa kilima, majani humea ubavuni, na mashine iliyotengenezwa kwa bustani tambarare za Ulaya na Marekani inatumwa kupanda ubavu huo. Hapo ndipo ajali inapoanza.

Nitakuambia jambo nililoliona mwenyewe, katika kambi nyingine niliyofanya kazi mbele ya kuja hapa. Jina la kambi na jina la mtu ninayaacha.

Dereva wa mashine alikuwa mtu wa miaka kama 40, fundi hodari, asiyekunywa pombe kazini. Nyuma ya nyumba ya wageni kulikuwa na mteremko unaoshuka mpaka kwenye mtaro wa maji. Kila wiki aliukata kwa kukatisha, yaani kwenda pembeni kama njia ya mbuzi inavyozunguka kilima. Alifanya hivyo kwa sababu alipopanda moja kwa moja motere ilichoka na magurudumu ya mbele yalianza kuinuka. Miezi mingi ilipita bila neno. Siku moja wageni walitazamiwa saa nne asubuhi. Yeye alianza saa moja, umande ukiwa bado juu ya majani. Gurudumu la juu lilipanda kichuguu kidogo kilichofichwa na majani, la chini likateleza, na mashine ikapinduka. Mguu wake wa kushoto ulibaki chini.

Sasa sikiliza vizuri. Chini ya kiti cha mashine hizi kuna swichi ndogo. Mtu akitoka kitini, motere inazimika yenyewe. Lakini swichi ile ilikuwa imefungwa kwa waya miezi iliyopita, kwa sababu kiti kilipokuwa kinarukaruka motere ilizimika na kazi ilikawia. Kwa hiyo dereva alianguka, na visu viliendelea kuzunguka. Mguu ulikatwa hospitalini, chini ya goti. Mtu yu hai, anafanya kazi ya stoo.

Siku tatu mbele ya ajali ile nilipita pale nikienda dispanseri. Nilimwona anakatisha mteremko ule ule. Nilimpungia mkono, naye akanipungia. Sikujua kama ni vibaya. Baada ya ajali ndipo nilianza kuuliza madereva na wenye mashine hizi, na kusoma vitabu vinavyokuja nazo, ambavyo mara nyingi hubaki ndani ya nailoni yao bila kufunguliwa. Yafuatayo nimeyapata huko.

KUPIMA MTEREMKO

Vitabu vingi vya watengenezaji vinasema: usiendeshe mashine ya kukalia juu ya mteremko unaopita digrii 15. Nani kati yetu anazijua digrii kwa macho? Hakuna. Macho hudanganya, tena mtu aliyezaliwa milimani huona kila kilima kuwa kidogo. Kwa hiyo tumia ubao.

Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa metre moja. Weka ncha moja juu ya majani, upande wa mlimani, na ncha nyingine ielekee bondeni. Weka nivo ya mwashi juu ya ubao. Kama huna nivo, laza chupa iliyonyooka yenye maji nusu. Maji yakilala sawa na chupa, ubao umelala sawa. Mwenzako apime kwa mita toka ncha ya bondeni mpaka chini. Sentimeta 27 ndizo digrii 15. Mimi ningesema ukifika 25, rudisha mashine stoo, maana majani huficha mashimo, nawe hukupima kila mahali. Pima pale panaposhuka zaidi, si pale panapokufurahisha.

KUPANDA AU KUKATISHA?

Hapa watu wengi huchanganya. Mashine ya kusukuma kwa mikono hukatisha mteremko. Ukipanda nayo unaweza kuteleza na kuivuta juu ya miguu yako. Ukishuka nayo unaweza kuanguka juu yake. Mashine ya kukalia ni kinyume: hupanda na kushuka moja kwa moja, wala haikatishi, kwa sababu ni nyembamba na upande wake ndio hupinduka upesi. Kama haiwezi kupanda bila kuinua magurudumu ya mbele, hiyo si ruhusa ya kukatisha. Maana yake mahali pale si pake.

Wenye mashine wanaokaa juu ya ardhi ya vilima wote walinieleza jambo moja: mashine haionyi. Nyingi ya mashine hizi husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, na breki pia iko nyuma. Gurudumu moja likikosa kushika, hilo huzunguka bure na lile lingine halisaidii kitu. Mashine huanza kushuka kama kisahani juu ya sabuni. Zile za kugeuka papo hapo kwa vijiti viwili badala ya usukani ni hatari zaidi, maana magurudumu yake ya mbele hujigeuzia tu, kama ya kitanda cha hospitali. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, huna tena cha kuiongozea. Mashine ikianza kuteleza, zima visu, usikanyage breki kwa nguvu, iache ishuke polepole moja kwa moja. Usishushe mguu chini kuizuia. Ina kilo 200, nyingine hupita 400. Mguu wako hauwezi.

Ngoja umande ukauke. Mvua ikinyesha, kazi ilale. Kutoka mwezi wa kumi mpaka wa tano majani yetu hukauka kwa shida, nalijua hilo, na shefu anataka uwanja safi. Basi shefu naye asome ukurasa huu. Kwenye mtaro, ukingo wa ukuta au ufuko wa ziwa, kaa mbali kwa upana wa mashine mbili. Watu wamekufa ndani ya maji yanayofika magotini tu, kwa sababu mashine ilikuwa juu yao.

CHUMA CHA MGONGONI NA MKANDA

Mashine nyingine zina chuma kilichopinda kama mlango nyuma ya kiti. Hicho huzuia mashine isimlalie dereva ikipinduka. Katika Uswedi sheria ya mwaka 1959 ilitaka kila trakta mpya iwe na kinga ya namna hiyo, na vifo vya kupindukiwa vilipungua sana katika miaka iliyofuata. Lakini chuma bila mkanda hakifai, kwa sababu utarushwa nje na chuma chenyewe kitakuponda. Chuma kikiwa kimesimama, funga mkanda. Mashine isiyo na chuma, au chuma kikiwa kimekunjwa ili upite chini ya mwembe, usifunge mkanda, maana utakufunga chini ya mashine. Ukishapita mwembe, simamisha chuma tena na ufunge mkanda. Madereva wengi husahau hapo.

WATOTO

Mama, neno hili ni lako pia. Mtoto akiona mashine hii hulia apakiwe, na baba mwenye roho nzuri humpakata. Usikubali. Kuna kiti kimoja, ni cha mtu mmoja. Jambo baya zaidi ni kwamba mtoto aliyepakiwa jana ataikimbilia leo toka nyuma, na dereva anaporudi nyuma hamwoni wala hamsikii. Mashine ikiwa kazini, watoto wawe ndani ya nyumba na mtu mzima anayewaangalia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mtoto asiendeshe mashine ya kukalia mpaka atimize miaka 16.

Tena, ncha ya kisu inaweza kupita kilometa 300 kwa saa. Jiwe, msumari au mfupa ukiguswa hutoka kama risasi. Kwa hiyo kwanza okota mawe, ndipo uwashe. Watu wakae mbali metre 15 au zaidi. Dereva avae bote, suruali ndefu na miwani ya kazi. Kitu kikichoma jicho, usikitoe na usisugue: funika jicho kwa kikombe safi bila kuligandamiza, njoo.

ESANSI

Jaza tangi motere ikiwa imepoa, nje, bila sigara. Na ile desturi ya kunyonya esansi kwa mpira mdomoni tuiache kabisa, hata wenye pikipiki wa Baraka na Misisi. Esansi ikipita njia ya hewa huunguza mapafu. Mtu aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa wala mawese: akitapika, esansi hupita tena penye hatari. Mleteni haraka, hasa akikohoa.

MTU AKILALIWA NA MASHINE

Kwanza zima motere. Kila mtu aliyepo asogeze sigara mbali, maana esansi humwagika. Usiinue peke yako. Weka mawe upande wa bondeni ili mashine isishuke tena, kisha watu wengi wainue pamoja kwa miti. Damu ikitoka, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuinua ukitazama kila mara. Damu ikiruka na kugandamiza kumeshindwa, funga mguu au mkono juu ya kidonda kwa kitambaa kipana, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, andika saa, na usilegeze njiani. Usitie majivu, udongo, esansi wala dawa ya meno. Kidonda chochote chenye udongo, hata kidogo, kije dispanseri siku ile ile kwa sababu ya tetanosi. Wanawake wengi wamechomwa sindano hiyo wakati wa mimba. Sisi wanaume wengi hatukumaliza dozi, wala hatujui karatasi iko wapi.

BASI TUKATE KWA NINI?

Mteremko ukiukataa ubao, kuna mashine ya begani na kuna kupekupe yetu ya zamani. Wakataji wapangane kwa usawa mmoja wa kilima, asiwepo aliye juu ya mwenzake, na kati yao nafasi ya metre 3 kwa kupekupe, 15 kwa mashine ya begani. Mbuzi pia hukata, naye sijawahi kumtibu kwa kupinduka.

Usikwangue mpaka udongo. Acha majani ya urefu wa sentimeta nane au kumi, mizizi ishike kilima. Baada ya mafuriko ya Kasaba ya mwezi wa tano 2025, yaliyoua watu zaidi ya 60, hakuna mtu wa Fizi anayehitaji kuelezwa jinsi maji ya mlima yanavyoshuka. Na msidhani kwamba majani mafupi yanamaliza malaria. Mbu wa malaria huzaa ndani ya maji yaliyosimama, si ndani ya majani. Majani yakatwe karibu na nyumba kwa ajili ya nyoka, na chandarua kibaki kitandani.

Ubao wa metre moja, wenye alama nyekundu na mita iliyofungwa kwa kamba, uko nyuma ya mlango wa dispanseri. Anayetaka aazime, aandike jina katika buku. Jumatatu iliyopita tuliupeleka nyuma ya ofisi ya mishahara: sentimeta 34. Mashine haitapita pale tena, na vijana wawili wenye kupekupe wamekwisha kuanza.