Kuachia akili nafasi

Ndugu wanafunzi, tuanze na hesabu ya kisimani. Uko na bido mbili: moja ya litri 5, nyingine ya litri 3, bila alama pembeni. Mama anataka litri 4 kamili. Utafanya namna gani?

Wengi wetu tunashika kalamu palepale, tunajumlisha, tunatoa, tunarudilia ile ile, kisha tunasema haiwezekani. Si ujinga. Hapa Annexe maji yanatoka mbali, na hakuna mtoto anayefikiri kumwaga maji aliyokwisha kuchota. Ule mlango akili imeufunga yenyewe. Sasa jaza ya 5, mimina katika ile ndogo: zinabaki 2. Mwaga ndogo ndani ya beseni (mama asikasirike), weka humo zile 2. Jaza tena ya 5, ongeza ndogo mpaka ijae: inakamata 1 tu. Kumbe 4 ndizo hizi.

Mara nyingine nafasi ni kuacha kazi yenyewe kidogo. Mfaransa Henri Poincaré alisimulia mwaka 1908 namna wazo kubwa la hesabu lilivyomfikia alipokanyaga ngazi ya gari la abiria, akiwa safarini. Lakini muangalie: alikuwa amekwisha kuisumbukia ile kazi. Mwenye kulala bila kufungua kaye asitaje Poincaré.

Na karibu yetu, Tanzania, mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Walitengeneza aiskrimu ya maziwa. Nafasi katika friji ilikuwa inakwisha, basi hakungoja maziwa yake yapoe. Akayatia ya moto. Yaliganda mbele ya yale ya mwenzake, yasiyochemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye wakamchekelea. Jibu la kitabu lilikuwa tayari, lakini yeye hakutupa swali lake. Kule Mkwawa, Iringa, alijaribu tena na maji, kisha akamwuliza Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye angeweza kucheka. Akataka jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikatoka. Hata leo wataalamu wanabishana juu ya sababu, na wengine wana shaka kama jambo lenyewe hutokea kweli.

Walimu wetu, tunawaomba kwa heshima: interogasyo ya maswali 10 kwa dakika 10 inapima mwenye kukariri. Mara moja kwa wiki mtupe swali moja tu, na kimya cha dakika 5 mbele ya mkono wa kwanza kuinuliwa. Tunao wenzetu waliokwisha kuacha matematiki kwa kuchekwa, si kwa kushindwa hesabu.

Ya wiki ijayo: bido ya litri 7 na ya litri 4, mama anataka 5. Kalamu ikae chini kwanza.