Jengo Limeuzwa, Wakala Mpya Ameingia: Maswali ya Wapangaji wa Nairobi

Karatasi huwa moja tu, ndani ya mfuko wa plastiki, imebandikwa ukutani pale ngazi zinapoanzia. Juu kuna jina la kampuni ambayo wapangaji hawajawahi kuisikia. Chini kuna masharti kumi na mawili, na maneno "kuanzia leo" yamepigiwa mstari. Karatasi kama hiyo nimewahi kuibandika kwa mikono yangu, kwa sababu kabla ya kuwa mshauri wa wapangaji nilikuwa wakala wa nyumba za kupangisha upande wa Eastlands. Najua inavyoandikwa, na najua ni wangapi wanaoitii bila kuuliza lolote. Haya ndiyo maswali yanayonifikia zaidi.

*Ploti yetu ya Umoja imeuzwa. Wakala mpya anasema mikataba ya zamani imekufa, tutie saini mipya kabla ya mwisho wa mwezi au tuhame. Ni kweli?*

Si kweli. Nyumba yenye wapangaji inauzwa na wapangaji wake. Anayenunua anapokea kodi, na anapokea pia ahadi alizozikuta. Kama mkataba wako ni wa mwaka mmoja na imebaki miezi mitano, miezi hiyo mitano ni yako.

Lakini wengi wetu hatuna mkataba wa mwaka. Tunalipa mwezi kwa mwezi, pengine kwa makubaliano ya mdomo, na hapo kinga yako ni nyembamba zaidi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa namna hiyo unaweza kuvunjwa na upande wowote, mradi notisi isipungue kipindi cha malipo. Ukilipa kila mwezi, notisi ni mwezi mzima. Kwa hiyo wakala anaweza kukutoa, ila hawezi kukutoa kwa "kuanzia leo".

Usikimbilie kusaini, na usikimbilie kugoma. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, uiweke kando ya ile ya zamani na usome mstari kwa mstari. Mengine yatakuwa mema: taka zichukuliwe mara mbili kwa wiki, taa za ngazi ziwake, pikipiki zisizibe njia ya kutokea moto ukizuka. Wakala mkali anayesimamia hayo ni heri kuliko mpole anayekuacha upapase gizani. Sharti usilolikubali, likate kwa kalamu, na nyote wawili mtie saini pembeni. Kisha andika barua kwa mwenye nyumba wa zamani na kwa huyu mpya, uwaulize dipoziti yako iko mikononi mwa nani. Barua hiyo iandikwe mwezi huu, kabla yule wa zamani hajabadilisha nambari ya simu.

*Kodi imepandishwa kutoka shilingi 14,000 hadi 17,000. Hakuna sheria ya kuzuia?*

Ipo, lakini haikufikii. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ilianza mwaka 1959, na leo inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Naona uchungu kila ninapoisema hesabu hiyo kwa mtu anayelipa 14,000. Kama una mkataba wa muda maalum usiotaja nyongeza, subiri uishe. Kabla ya hapo mwenye nyumba hawezi kukuongezea. Kama huna, kilichobaki ni mazungumzo.

Nendeni pamoja, na mwende na hesabu. Nyongeza ya 3,000 kwa mwaka ni 36,000. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili tu kwa bei mpya, 34,000 zimekwenda, na bado rangi na kamisheni ya kutafuta mpangaji mwingine. Nilipokuwa wakala, wapangaji waliokuja wanane pamoja, wenye rekodi safi ya malipo, waliniogopesha kuliko barua ya wakili.

*Nilichelewesha kodi siku tisa. Niliporudi kutoka kazini nilikuta kufuli la pili juu ya langu, na watoto wako nje.*

Pole sana, mama. Nimewahi kusimama kwenye baraza kama hiyo saa kumi na mbili jioni. Msichana mwenye sare ya shule alikuwa amekalia begi lake, mgongo ameuegemeza mlangoni, na daftari la kazi ya nyumbani lilikuwa ndani. Kufuli lilikuwa jipya, bado lina mafuta. Niliyeagiza lifungwe ni mimi. Ndiyo siku niliyoanza kufikiria kuiacha kazi ile.

Deni la kodi ni deni la kweli, na mwenye nyumba ana njia za kulidai. Anaweza kukushtaki. Anaweza, chini ya Sura ya 293 ya sheria za Kenya, kumtuma dalali mwenye leseni kushika mali. Anaweza kukupa notisi ya kuhama, na usipohama aende kutafuta amri ya mahakama. Kukufungia mlango, kung'oa mabati, kuutoa mlango wenyewe au kukata maji ili utoke si mojawapo ya njia hizo, hata kama una deni.

Usilivunje kufuli kwa hasira. Lipige picha, saa na tarehe zionekane. Nenda kituo cha polisi tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari. Kisha mtumie wakala ujumbe wa maandishi: deni ni kiasi gani, utalipa lini, na unataka mlango ufunguliwe leo. Ukiwa na chochote, lipa hata nusu, kwa nambari ile ile ya M-Pesa unayolipia siku zote.

Nawaonya pia wanaogomea kodi kwa sababu paa linavuja. Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na njia za pamoja. Inamtaka pia akuache ukae kwa utulivu, lakini haki hiyo inakwenda na kulipa kodi. Ukiacha kulipa, umempa fimbo ya kukuchapa nayo.

*Wanataka alama za vidole na picha za watoto wetu ili lango lifunguke. Na mgeni asilale.*

Walinzi wanahitaji kujua anayeingia. Hata hivyo, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari zako akuambie ni za nini, na achukue zile zinazohitajika tu. Ulizeni kwa maandishi: zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, zinafutwa lini mtu akihama? Ombeni kadi kwa wasiotaka kutoa vidole. Wakipuuza, malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Kulinda Data. Kuhusu mgeni, kama mkataba wako haumkatazi, karatasi ya ukutani haiwezi kumfukuza dada yako aliyekuja kutoka Kitui kwenda hospitali.

*Nahama. Wakala anasema dipoziti yote imekwisha kwa rangi.*

Umekaa miaka mingapi? Rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida, na Sheria ya Ardhi haimtwiki mpangaji mzigo huo. Tundu la msumari wa televisheni, sinki iliyopasuka, kioo kilichovunjwa na mpira, hayo ni yako, lipa. Dai orodha ya kila kilichokatwa pamoja na risiti ya fundi. Mkataba ukisema rangi ni juu yako, nafasi yako inapungua, ingawa gharama bado lazima ithibitishwe.

Akikaidi, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Beba mkataba, ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi, picha za kuta za siku uliyoingia na za siku uliyotoka, na barua yako ya kudai ikiwa na tarehe.