Itoe Kadi Kwanza, Rida Utanunua Baadaye

Mdogo wangu, najua umeikuta ile kamera ya zamani kabatini kwa mama, na roho haitulii mpaka uzione picha zake. Waya wake ulishapotea. Sasa umevaa viatu unakimbilia Kariakoo kununua kadi rida, kile kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta. Hebu vivue kwanza, uje nikwambie.

Fungua kamera, itoe kadi, uitazame kiganjani. Wengi hununua rida kabla ya kuijua kadi, kisha wanarudi wananililia kwamba haiingii. Siwalaumu, maana muuzaji naye huapa kwamba rida yake inasoma zote. Hazisomi zote! Rida ndogo za siku hizi nyingi zina matundu mawili tu, la SD na la microSD. Ukiwa na Olympus au Fujifilm ya miaka ya baada ya 2002, huenda kadi yako ni xD, kadogo kama stempu. Sony za zamani zina Memory Stick, ndefu na nyembamba. Ile pana kama kiberiti lakini bapa ni CompactFlash. Jina limeandikwa juu ya kadi yenyewe, basi lisome, na ukienda dukani nenda nayo kwenye kikasha chake. Usiitupe kwenye pochi pamoja na sarafu na funguo. Mwambie muuzaji aijaribu mbele yako kabla hujatoa hela.

Hiyo CompactFlash nayo ina mambo yake. Mle ndani ya tundu la rida mna vijisindano 50. Mimi niliwahi kuisukuma kadi ikiwa imekaa upande, nikahisi inagoma, nikaongeza nguvu. Nilipochungulia kwa tochi ya simu, kisindano kimoja kilikuwa kimelala kabisa. Nilikaa chini nikashika tama. Bahati ilikuwa rida, ingekuwa kamera ningelia. Ikigoma, itoe, uinyooshe, uingize tena taratibu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Rida ya zamani, ya kabla ya 2006, kwa kawaida haizijui kadi za SDHC, zile za kuanzia GB 4. Ukichomeka, kompyuta inaweza kukuambia kadi ina hitilafu, ikuulize kama uifomati. Kataa. Nasema tena, kataa, hata kama umechoka na ni usiku. Kadi huenda ni nzima, rida ndiyo imezeeka. Mkono mmoja wa haraka, na picha ya pekee ya bibi akicheka inaondoka, ukabaki unatafuta programu za kufufua picha huku moyo unakudunda. Majuto ni mjukuu, mdogo wangu. Chukua rida mpya, inazisoma SD za zamani bila taabu.

Kama ni SD kubwa, ina kitufe ubavuni. Kishushe kwenye neno Lock kabla hujachomeka, kompyuta isiweze kuandika kitu juu yake. Halafu nakili, usihamishe. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, utanikumbuka. Zifungue picha moja moja kwenye kompyuta, uzinakili tena kwenye flashi, na hata hapo usiifute kadi. Irudishe kwenye kikasha, uandike juu yake kwa kalamu: harusi ya dada, na mwaka. Kisha mwite mama aje aone.