Vidokezo 9 vya Tochi ya Mzamiaji: Itunze, Ipangie Bei

Ndani ya pango lililojaa maji hakuna mwezi wala nyota. Tochi ikizimika, hata kiganja chako hukioni. Ndiyo maana wazamiaji wa chemchemi za kaskazini mwa Florida na wale wa visima vya cenote kule Yucatán, Mexico, wakikutana huulizana habari za tochi kabla ya habari za mitungi. Kwetu pwani mapango ya namna hiyo ni nadra. Hata hivyo, anayeingia ndani ya MV Dania, meli iliyozamishwa Mombasa mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki, au anayefuata tewa mapangoni Watamu, anakutana na giza lile lile. Mafunzo yatangulie, kwa sababu cheti cha kawaida cha kuzamia hakimruhusu mtu kuingia pangoni wala ndani ya meli. Baada ya hapo, haya hapa.

1. Hesabu bei ya tatu

Mmarekani Sheck Exley alichambua ajali za mapangoni na mwaka 1979 akachapisha mwongozo ambao wazamiaji wa mapangoni wanaufuata hadi leo. Mojawapo ya kanuni zake ni kila mzamiaji kubeba tochi zisizopungua tatu: kubwa moja na za akiba mbili. Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza ya zote. Nimeona watu wakimaliza fedha yote kwenye tochi kubwa, kisha akiba wakachukua vitochi vya kuokoteza. Ni kosa, maana akiba ndiyo itakayokutoa siku kubwa ikifa. Na ikifa yoyote kati ya tatu, mbizi imekwisha. Mnageuka, hata kama zilizobaki zinawaka vizuri.

2. Ipime kwenye ndoo

Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote. Chaji betri mpaka ijae, itumbukize tochi kwenye ndoo ya maji, iwashe kwa mwanga wake wa juu kabisa, kisha tazama saa. Ndoo ni lazima kwa sababu taa za LED hutoa joto jingi, na tochi hizi zimeundwa zipoozwe na maji. Ukiipima mezani utaiunguza, au itajipunguza yenyewe na kukupa dakika za uongo.

Andika mambo mawili: dakika mwanga ulipoanza kufifia na dakika ulipokata. Yabandike kwa utepe kwenye mwili wa tochi, pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya miezi michache, na kila unapojiandaa kwa safari ya pango. Mimi natumia hesabu hii: dakika za kabla ya kufifia ziwe angalau mara moja na nusu ya mbizi niliyoipanga. Mbizi ya dakika 80 inadai tochi ya dakika 120. Kilichoandikwa kwenye boksi kilipimwa betri ikiwa mpya kiwandani. Yako imeshazeeka kwa mwaka, miwili au mitano. Na akiba nazo zipimwe, kwani hizo ndizo zinazosahaulika mfukoni msimu mzima.

3. Oringi: mpira mdogo, kazi kubwa

Tochi yangu ya kwanza ilijaa maji kwa sababu ya unywele mmoja. Niliifungua kwenye boti, upepo unavuma, nikabadilisha betri na kuifunga bila kuangalia. Unywele ulikuwa umelala juu ya oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie, na maji hayahitaji njia pana kuliko hiyo.

Sasa naifungua nyumbani tu, mezani, mikono ikiwa safi. Oringi itoe kwa kona ya kadi ya plastiki. Kisu na pini huacha mkwaruzo kwenye mfereji inamokaa, na mkwaruzo wa chuma hauna dawa. Futa mfereji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ipitishe oringi polepole kati ya vidole viwili: vidole hugundua chembe ya mchanga au mpasuko ambao macho yameuruka. Kisha paka grisi kidogo, mpira ung'ae tu. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuufanya mpira uteleze na kukaa sawa bila kujisokota, na ikizidi inakusanya mchanga.

Uliza pia oringi yako ni ya mpira gani. Grisi ya silikoni inafaa kwa nitrili na kwa EPDM, lakini oringi ya silikoni yenyewe huvimba ukiipaka. Mafuta ya Vaselini usiyaguse kabisa, maana huiharibu EPDM. Badilisha oringi kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Hakuna spea ya bei rahisi kuliko hiyo kwenye tochi nzima.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: tochi nyingi huvuja kwenye maji mafupi. Kina kinapoongezeka, mkandamizo huibana oringi ikakaa vizuri zaidi. Basi ukifika mita mbili au tatu, simama, itazame yako na ya mwenzako kama inatoa viputo.

4. Chumvi iko hata usikoitarajia

Baada ya kila mbizi ya baharini iloweke tochi kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nusu saa au zaidi. Yakiwa na uvuguvugu ni bora, huyeyusha chumvi upesi. Mzamiaji wa pwani analijua hili tangu siku ya kwanza. Wanaoponzwa ni wanaokwenda Yucatán wakidhani cenote ni maji matamu peke yake. Kule maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, na mzamiaji akishuka anauona mpaka wake ukimetameta kama kioo cha mafuta. Chini ya mpaka huo ni chumvi. Mfumo wa Sac Actun, ambao mwaka 2018 uligundulika kuungana na ule wa Dos Ojos na kufikia kilomita 347, una njia zinazopita juu na chini ya mpaka huo. Suuza kila siku, bila kubahatisha.

Ukishaikausha, ifungue kichwa kikiwa kimeelekea chini, ili tone lililojificha kwenye nyuzi za skrubu lidondoke nje.

5. Waya nao ukaguliwe

Kwa tochi kubwa zenye betri ndani ya mkebe wa kiunoni, udhaifu uko pale waya unapoingia kwenye kifuniko. Ukunje taratibu sehemu hiyo. Ukiona ufa, peleka kwa fundi, gundi haitoshi.

6. Ikiingia maji, igeuze mbali na uso wa mtu yeyote

Maji ya chumvi na betri huzalisha gesi, na gesi iliyofungiwa ndani ya chuma ni hatari. Fungua taratibu, mdomo wa tochi ukiwa umeelekea kusiko na mtu, upande upepo unakoelekea. Seli ya lithiamu iliyooga maji ya bahari haichajiwi tena kamwe. Iweke nje, mbali na nyumba na kila kinachoshika moto, mpaka uipeleke panapopokea betri chakavu.

7. Betri: nusu tumbo, kivulini

Betri za lithiamu zisizotumika zipumzike zikiwa na chaji kama nusu. Kuziacha zimejaa kwa miezi, tena ndani ya gari lililoegeshwa juani, ni kuzizeesha. Jihadhari na seli bandia: za ukubwa wa 18650 zinazoaminika nyingi hazivuki sana miliampea-saa 3,500, kwa hiyo iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo. Tochi za akiba zinazotumia betri za kawaida za dukani bado nazipenda, kwa kuwa betri hizo hukaa na nguvu yake muda mrefu. Zitoe tu unapoiweka tochi kabatini, zisije zikavuja ndani.

Ukisafiri kwa ndege, zidisha volti kwa ampea-saa. Hadi wati-saa 100 unabeba mkononi. Kati ya 100 na 160 omba ruhusa ya shirika la ndege kwanza. Zaidi ya 160 haipandi na abiria. Betri ya volti 14.8 na ampea-saa 6.8 inafika 100.64, nayo inatosha kukuzuia uwanjani. Betri za akiba haziendi kwenye begi la chini.

8. Usinunue lumeni peke yake

Tochi ya video yenye lumeni 5,000 humwaga mwanga kila upande, inapendeza kwa picha za matumbawe. Pangoni utataka mwale mwembamba, mkali, unaofika mbali, kwa sababu ndio lugha yenu: duara ukutani ni "niko salama", kupeperusha kwa haraka ni "nisaidie". Mwanga uliotapakaa hauchori duara. Tochi ya akiba iliyo nzuri huuzwa takriban dola 100 hadi 200 za Marekani. Kubwa ya mkebe hupita dola 800 kwa urahisi, na zinazozidi 1,000 ni nyingi.

9. Mtumba: anza na betri

Wauzaji wengi hupanga bei kwa kukumbuka walichotoa wao. Anza kwingine: tochi mpya ya uwezo huo leo inauzwaje? Toa humo bei ya betri mpya, ambayo kwa tochi za mkebe ni mamia ya dola, isipokuwa muuzaji akuonyeshe kipimo cha ndoo. Kinachobaki, gawa kwa mbili kama ni LED iliyotunzwa. Zile za balbu ya gesi, ziitwazo HID, hata ziwe zinawaka vizuri, mimi sizipi thamani zaidi ya mkebe wake: balbu zake huvunjika kirahisi na ni ghali kuzibadilisha.

Na ukiwa muuzaji, mpe mnunuzi dakika zako zilizoandikwa, mwambie iliwahi kuvuja au la, na oringi ilibadilishwa lini. Punguza bei ikibidi. Mtu huyo anakwenda kuingia gizani nayo.