Mas-ala ya Bangi Inayooteshwa Chumbani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Usiku mmoja katika darasa yetu ya hapa Maungu, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja alibaki nyuma wenziwe walipokwisha kutoka. Akatuambia: "Sheikh, nina swali, lakini si la mbele ya watu." Swali lenyewe lilikuwa hili. Amekodi chumba, na ndani yake ameweka ndoo tano za udongo, taa kali na feni. Dirisha ameliziba. Katika ndoo zile ameotesha bangi. Haiuzi wala hampi mtu. Akusudia kuitumia mwenyewe usiku, atokapo katika kazi ya kupakua malori. "Simdhuru mtu," alisema, "na hapana anionaye. Basi kosa langu li wapi?"

Kijana huyu ametupa idhini tumjibu katika ukurasa huu kwa sharti tusimtaje, nasi twalitimiza sharti lake. Swali hili twaona si lake peke yake. Maungu ni mji wa njiani. Malori ya Mombasa hupumzika hapa kabla ya kufika Voi, na kila kipitacho njiani huacha chembe zake. Yatupasa basi tulijibu kwa elimu, wala si kwa makelele.

KWANZA: JINA LA MMEA

Mwenye kutoa hukumu hana budi kwanza akijue kinachohukumiwa. Wako wasemao kuwa baadhi ya fuqaha wa kale walikuwa wepesi katika jambo la "banji", na kwa hivyo bangi ni nyepesi. Hili ni kosa la jina. Banji katika Kiarabu cha asili ni mmea mwingine kabisa, wenye sumu, ambao matabibu wa zamani waliutumia kupunguza maumivu na kuleta usingizi. Huu mmea wetu, katika vitabu vya fiqhi, aghlabu huitwa hashishi, au qinnabu. Neno letu "bangi" asili yake ni ya Bara Hindi, likaja pwani kwetu pamoja na biashara ya bahari. Majina yakafanana, na waandishi wa baadaye wakayachanganya. Basi asichukue mtu ruhusa ya mmea mmoja akamvika mwingine.

Jambo la pili la kujua ni kwamba matumizi ya hashishi yalienea katika miji ya Kiislamu karibu na karne ya sita na ya saba ya Hijra. Maimamu wanne walikuwa wamekwisha kufariki zamani. Ndiyo maana hutakuta kauli ya Imamu Shafii juu yake. Lakini wanazuoni waliokuja baadaye hawakunyamaza. Al-Qarafi, wa madhehebu ya Malik, aliyefariki mwaka 684 wa Hijra (1285), alipambanua baina ya kilevi chenye kuleta furaha na kile chenye kuharibu akili, akaiweka hashishi katika fungu la pili; kwa hivyo akasema si najisi, na adhabu yake ni ya kutia adabu kwa rai ya kadhi. Ibn Taymiyya, aliyefariki 728 (1328), aliiweka sawa na pombe hata katika adhabu. Az-Zarkashi wa Misri, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki 794 (1392), alitunga risala nzima ya kuiharamisha. Na Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki 974 (1567), ambaye vitabu vyake vyasomwa katika pwani yetu mpaka leo, aliitia katika hesabu ya madhambi makubwa.

Tazama vyema, ewe msomaji: walikhitalifiana katika utohara wake na katika kiasi cha adhabu. Hawakukhitalifiana kuwa kuitumia ili kulewa ni haramu.

PILI: DALILI YA HUKUMU

Katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ameharamisha ulevi na kamari, kisha akaeleza sababu: kwamba shetani kwa hayo ataka kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Mola wao na sala. Na Mtume (S.A.W.) akatubainishia, kwa riwaya ya Ibn Umar aliyoipokea Muslim, kwamba kila chenye kulevya kina hukumu ya pombe. Hakusema kinywaji, wala hakusema zabibu. Tena, kwa riwaya ya Jabir, akatufundisha kuwa kile ambacho kingi chake hulevya, hata kidogo chake ni haramu.

Kijana wetu alitoa udhuru wa kazi nzito. Udhuru huu si mpya. Abu Daud amepokea kuwa Daylam al-Himyari alimwendea Mtume akamweleza kwamba wao wakaa katika nchi ya baridi, wafanya kazi ya kuchosha, na hutengeneza kinywaji cha ngano wapate nguvu. Mtume hakumuuliza habari ya baridi wala ya kazi. Alimuuliza neno moja tu: je, chalevya? Alipojibiwa ndiyo, akamwamuru wakiepuke. Badili baridi ya Yemen kwa jua la Maungu, na ngano kwa bangi, utaona mas-ala ni yale yale.

Na asidhani mtu kuwa dhambi yaanzia mdomoni. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, laana ya pombe imewafikia watu kumi, na miongoni mwao ni mwenye kukamua, mwenye kubeba na mwenye kupelekewa. Mwenye kupanda kwa kusudi la kulewa amesimama mwanzoni mwa safu hiyo.

Elimu ya leo nayo yatuzidishia yakini. Mwaka 1964 wanachuoni wa kemia walikitenga kile kitu khasa kilevyacho ndani ya bangi. Chaingia katika mafuta ya mwili, na kwa mtumiaji wa kila siku alama zake huweza kukaa wiki nyingi. Bangi iliyokamatwa na serikali ya Marekani na kupimwa ilikuwa na kiasi cha asilimia 4 ya kitu hicho mwaka 1995. Ilipofika 2014 ilikuwa kiasi cha asilimia 12. Na huo ndio muradi wa taa na feni: kuzidisha makali. Hatujamwona mtu akiotesha mchicha chumbani kwa taa ya usiku kucha. Matabibu wakadiria kuwa katika kila watumiaji kumi, mmoja hivi hufungwa na mazoea asiweze kuacha. Na kwa walioanza wakiwa wadogo, hukaribia mmoja katika sita. Tena ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka umri wa miaka ishirini na kitu, na bangi kali huongeza hatari ya kurukwa na akili. Akili ndiyo iliyotufanya tuulizwe siku ya Kiyama. Asiye nayo hana taklifu.

TATU: HOJA YA SIRI

"Hapana anionaye." Hapa twataka tuwe waadilifu. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta wa mtu akamkuta katika maasia, na mtu yule akamkumbusha kuwa yeye amekosa moja, lakini Khalifa amekosa zaidi: amepeleleza, na ameingia bila ya mlango wala idhini. Umar akamwacha. Kwa hivyo jirani hana haki ya kuchungulia chumba cha kijana huyu, wala ya kusambaza habari zake sokoni.

Lakini fahamu mpaka wa dalili hii. Siri huwakataza watu kumfuata. Haimhalalishii yeye akifanyacho. Ukuta humzuia jirani, haumzuii Mola.

Ama kusema kuwa hamdhuru mtu, tuhesabu pamoja. Nyumba ile si yake. Mwenyewe ni mama mjane aliyemkodisha chumba cha kulala, na maafikiano ya upangaji ni ahadi. Umeme ni wa mita moja kwa vyumba sita, na taa zenye kuwaka saa nyingi juu ya nyaya dhaifu ni moto unaongojea sababu. Maji hununuliwa kwa madumu katika nchi hii kavu, na yeye huyamwaga katika mmea ambao hata mbuzi wa jirani hafaidiki nao. Watoto hucheza uani. Na mwili wake mwenyewe ni amana. Basi asiyedhuriwa ni nani?

NNE: SHERIA YA NCHI

Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya madawa ya kulevya, katika kifungu chake cha 6, imekataza kulima mmea huu. Adhabu iliyoandikwa humo ni faini ya shilingi 250,000, au mara tatu ya thamani ya mmea, ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi; au kifungo kisichozidi miaka 20; au vyote viwili. Kifungu hicho chamgusa pia mwenye ardhi au msimamizi wake aliyeruhusu. Hapa ndipo tulipomwona kijana wetu akiinamisha kichwa, kwani hakuwa amemfikiria mama yule akisimama mbele ya hakimu kujieleza.

Watatwambia: mbona Afrika Kusini wameruhusiwa? Kweli, mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya huko iliamua kuwa mtu mzima aweza kuipanda na kuitumia kwa faragha. Na hapa kwetu, mwaka 2021, jumuiya ya Marasta ilipeleka daawa Mahakama Kuu kutaka mfano wa hayo. Na katika uchaguzi wa 2022 mgombea mmoja wa urais, Profesa Wajackoyah, alifanya bangi kuwa sera yake, asipate hata kura moja katika kila mia. Sisi hatuwatukani watu hao. Twasema tu kuwa Muislamu hangojei Bunge limwambie lililo halali. Pombe yauzwa Voi kwa leseni yenye muhuri, wala haikuwa halali kwetu kwa muhuri huo.

Ama dawa, mlango wake haukufungwa. Fuqaha wa Kishafii waliruhusu kitu cha kupoteza fahamu kwa mgonjwa anayekatwa kiungo, panapokuwa na haja. Na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa kikali cha watoto iliyotolewa katika mmea huu, ambayo kitu chake si kile kilevyacho. Hiyo ni kazi ya tabibu na kipimo. Ndoo ya chumbani haina tabibu wala kipimo.

TANO: NJIA YA KUTOKA

Kabla ya kumlaumu kijana, na tujilaumu sisi wazee. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kupiga marufuku muguka, kisha mambo yakafika mahakamani. Na siku zile zile baadhi yetu tulikuwa tukiijadili marufuku hiyo barazani na shavu limejaa. Mtoto hasikii neno, huona shavu. Tena kijana apakuaye malori kutwa kwa ujira wa siku, arudi peke yake chumbani, nani kati yetu amemwita kula naye?

Tulimpa nasaha hii. Ang'oe mimea usiku ule ule na kuiharibu, wala asimpe wala asimuuzie mtu hata mbegu. Taa na feni ni vitu vya halali. Aviuze, arudishe sehemu ya fedha zake. Ndoo azitoe nje apande mboga kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Siku za mwanzo huenda akakosa usingizi na kuwa na hasira. Hayo hupita kwa wengi baada ya wiki moja au mbili, na yakimshinda, hospitali ya Moi iko Voi, na NACADA wana simu isiyo na malipo, 1192. Kumwendea tabibu si aibu. Nasi tutakuwa naye kila usiku baada ya Isha.

Ijumaa iliyofuata alitujia. Ameng'oa ndoo nne. Ya tano ameiacha, "kwa ajili ya siku ngumu tu."

Hatukumkemea, maana aliyeng'oa nne si sawa na asiyeng'oa hata moja. Lakini tulimrudisha kwenye hadithi ya Jabir: kidogo cha chenye kulevya kina hukumu ya kingi chake. Ndoo ya tano ndiyo mas-ala yenyewe. Zile nne zilikuwa ni wingi tu. Na siku ngumu haikosi kuja, hasa kwa aliyekwisha kuiwekea akiba. Akaondoka kimya. Twamwombea, nanyi mwombeeni.

MASWALI YA DARASA IJAYO

1. Kwa nini ruhusa ya banji haiwezi kuchukuliwa kuwa ruhusa ya bangi?
2. Kukatazwa kupeleleza kwafahamisha nini, na hakufahamishi nini?
3. Kila mmoja ajiulize nyumbani, wala asijibu mbele ya watu: ndoo yangu ya tano ni ipi?

Wabillahi tawfiq.