TULIZA AKILI: Somo Kutoka kwa Watawa wa Kibudha

Je, umewahi kukaa mbele ya karatasi ya hesabu, moyo unadunda, viganja vinatoka jasho, na yote uliyosoma yametoweka? Hujalogwa! Ni hofu. Mwili unajiandaa kukimbia kana kwamba umekutana na nyati wa Ngorongoro, kumbe ni mtihani tu.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, watawa wa Kibudha huko Asia walifundishana zoezi moja: kukaa kimya, kufuata pumzi inavyoingia na kutoka, na kuyaacha mawazo yapite bila kuyakimbiza.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyejifunza kwa walimu wa Kibudha, alilipeleka zoezi hilo hospitalini katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Aliandaa kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Ibada na mavazi ya kitawa aliviacha, zoezi akabaki nalo. Baadaye wataalamu wengine waliliunganisha na tiba ya mazungumzo, kuwasaidia watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara.

Hata kwetu Afrika Mashariki watawa wapo. Bhante Buddharakkhita, Mganda, alianzisha kituo cha Kibudha nchini Uganda mwaka 2005. Dar es Salaam nako kuna hekalu lao.

"Sasa si nitakuwa nimebadili dini?"

Hapana. Kuifuata pumzi yako si kusali. Lakini tuambizane ukweli: kwa mtawa, utulivu huenda pamoja na maadili. Haui, haibi, hasemi uongo. Ukijituliza ili uibie mtihani vizuri, hujajifunza kitu!

JARIBU HIVI

1. Kaa wima, nyayo zikigusa chini.
2. Pumua kawaida. Isikilize hewa puani. Asubuhi ya ukungu hapa Karatu utaisikia ilivyo baridi!
3. Mawazo yakikimbilia mnadani, yarudishe taratibu kwenye pumzi. Usijigombeze.
4. Anza na dakika tatu, kila siku, si siku ya mtihani peke yake.

Unaweza pia kufanya ukitembea kwenda shule, ukisikiliza kila hatua. Ila karibu na msitu wa hifadhi, macho na masikio wazi. Nyati hana habari na zoezi lako!

TAHADHARI

Zoezi hili halichukui nafasi ya kusoma, wala ya matibabu. Na utulivu si kunyamazia maovu. Kama kuna mtu anakupiga, anakushika bila ridhaa yako au anakulazimisha ngono, kosa si lako na dawa yake si kupumua. Sema! Mweleze mtu mzima unayemwamini, au piga 116 bure.

Kama ukifumba macho zinakujia kumbukumbu za kutisha, acha zoezi. Kama huzuni haiishi, au unafikiria kujiua, usisubiri: mwambie mtu leo hii na uende kituo cha afya.

JADILINI DARASANI

Hofu ipi inatulizwa kwa pumzi, na ipi inahitaji msaada wa mtu mwingine?